Gari Lisilosimama Kusalimia

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kidevu umeshanyolewa na wa pili bado una povu. Simu ilikuwa ya binti yake mkubwa. Alinisalimia kwanza, akaniuliza hali ya mama watoto, ya wajukuu, ya mgongo wangu na ya mvua za huku mjini, nami nikajibu moja baada ya jingine huku nikijua fika kwamba mtu hapigi simu saa mbili asubuhi kuulizia mvua. Ndipo akasema, "Baba ametutoka alfajiri. Tunazika baada ya Alasiri. Aliacha neno kwamba wewe uje na gari, usije na basi." Nililia, na katikati ya kulia nikacheka, mpaka kinyozi akauondoa wembe asije akanikata. Angelisikia mtu mwingine angeona ni maneno ya mgonjwa aliyezidiwa. Mimi niliyajua. Alikuwa ananitania kwa jambo lilelile alilonitania nalo tangu miaka ya sabini, na safari hii hakunipa nafasi ya kumjibu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba katika safu hii sitaji majina ya watu. Huyu nitamwita fundi, na wenyeji wa Bagamoyo watamtambua kwa namna alivyofanya kazi. Alizaliwa katika ukoo wa mji mkongwe, watu wa biashara, na ilitazamiwa akae dukani auze vitambaa kama kaka zake. Yeye akaipenda mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa mtaani kwao, akaishia kuwa fundi wa chochote chenye injini: pampu za maji, boti, malori ya nazi, na vile vigari vichache vya watu binafsi tulivyokuwa navyo wakati huo. Karakana yake ilikuwa banda la makuti jirani na soko la samaki, kwa hiyo gari lililotoka kwake lilitoka limepona na linanuka pweza. Watu walilalamika kuhusu harufu, kisha wakarudi.

Walirudi kwa sababu ya maswali yake matatu. Fundi hakufungua boneti la gari la mtu kabla ya kuuliza: linaumwa lini, haliumwi lini, na nani aliligusa mwisho? Swali la kwanza kila fundi hulijua. Hayo mawili mengine yalikuwa yake. Namkumbuka dereva mmoja wa lori aliyefika na haraka zake akasema, "Wewe fungua boneti uone mwenyewe." Fundi akamsogezea kigoda. "Boneti halina mdomo, ndugu yangu. Wewe unao. Kaa." Yule bwana akakaa amenuna. Baada ya chai mbili ikabainika kwamba lori lake huishiwa nguvu kila Jumatano na siku nyingine ni zima kabisa, na kwamba Jumatano ndiyo siku anayojaza mafuta kutoka kwenye pipa la shemeji yake, ambalo hukaa uani bila kifuniko na hunyeshewa na mvua. Boneti halikufunguliwa siku ile. Dereva alikwenda kugombana na shemeji yake.

Mimi alinipata kwa gari la mjomba. Mjomba wangu alikuwa mfanyabiashara wa nazi, na mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, mjomba alilinunua gari lake, zuri, karibu jipya, lenye usukani upande wa kushoto. Yeye hakujua kuendesha na hakuwa na nia ya kujifunza. Mimi nilikuwa karani kijana katika ofisi moja pale mjini, nikawa dereva wake nikitoka kazini. Gari lile lilikuwa na tabia moja. Likiwa mwendoni halikuwa na mfano, lakini ukiliondolea mafuta tu ili usimame, lilitetemeka, likakohoa, likazima. Kuliwasha tena ilikuwa shughuli ya robo saa na jasho. Mafundi wawili wa mjini walishabadilisha plagi, wakasafisha kabureta, wakarekebisha platini, likazidi kuzima. Nikajifunza dawa yangu mwenyewe, nayo ilikuwa kutosimama.

Sasa fikirini maana ya kutosimama mahali kama Bagamoyo. Ukipita barazani penye wazee humwagi shikamoo kama mtu anayewarushia kuku mtama. Unasimama, unangoja marahaba, unaulizwa wa nyumbani, unawauliza wao, na mwenye neno la ziada analisema. Mimi nilipita nikiwa nimekanyaga mafuta, injini inanguruma, mkono uko nje, na shikamoo yangu nusu waliisikia na nusu ilikwenda na vumbi. Ule usukani wa kushoto ukaniharibia zaidi, maana uso wangu ulipita upande uleule wa mabaraza, karibu nao kabisa, hata asiweze mtu kusema labda hakutuona. Haukupita mwezi nikawa na sifa mjini. Karani amepata gari la mjomba wake, kichwa kimevimba.

Sifa ile ilitembea mpaka Kerege, na hapo ndipo iliponiumiza. Pale kando ya barabara ya Dar es Salaam alikaa mzee mmoja, mwenye shamba la mikorosho, ambaye binti yake nilimpenda naye alinipenda, na mjomba alikuwa ameshapeleka barua yangu ya posa ikiwa imefungwa kwenye leso nyeupe. Wiki zilipita bila jibu. Kisha ikaja habari kwamba mzee hajaifungua, kwa sababu kila Jumamosi humwona kijana wa Bagamoyo akimpita barazani kwake kama anayekimbia polisi. Nilipanda basi siku ileile nikaenda kumwamkia kwa heshima zote. Alinipokea vizuri, akaniletea maji, akanisikiliza habari za injini kuzima. Kisha akasema, "Kwa miguu kila mtu ana adabu, kijana. Mimi nataka nione adabu yako ukiwa ndani ya gari. Siku litakaposimama mlangoni kwangu ukanisalimia, nitakuja tuzungumze." Nikarudi na basi, moyo umenilegea. Mchumba wangu alishaposwa na mwingine kabla yangu, mtu wa Dar, na barua hiyo nayo ilikuwa inangoja.

Nikaenda kwa fundi. Akanisogezea kigoda, akauliza maswali yake. Linaumwa lini? Likisimama. Haliumwi lini? Likikimbia. Akasema kitu ambacho wale mafundi wawili hawakukisema: "Basi kipo kitu ambacho gari likikimbia kinatakiwa kiwe wazi, na likisimama kinatakiwa kifungwe, nacho hakifungwi." Ndipo akafungua boneti. Alikuta ubavuni mwa injini kidude kama uyoga wa chuma, ambacho magari mengine ya Bagamoyo hayakuwa nacho, kina mpira mwembamba wa kuvutia hewa kichwani. Akafuata bomba lake kwa vidole polepole, kama mtu anayetafuta mwiba. Lilianzia kwenye njia ya moshi na kuishia kwenye njia ya hewa ya injini. Ilikuwa valvu, mlango wa kupitishia moshi. Fundi alikaa chini akacheka. "Wallahi, mtengenezaji wa gari hili ameifanya injini ivute moshi wake mwenyewe."

Sisi sote tuliokuwepo tuliliona jambo hilo kuwa ni uchafu. Moshi ukishatoka umetoka. Nani anarudishiwa alichokitapika? Fundi, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa pupa, siku ile aliungana nasi. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akakata kibati kidogo, akakitoboa matundu mawili ya boliti, akakilaza chini ya valvu ile, akaziba kabisa. Tukawasha. Gari likiwa limesimama na injini ikiunguruma polepole, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensa, ilitulia hata ukaweza kuweka bilauri ya maji juu yake. Niliona kama nimeachiwa kutoka jela.

Kwa siku tatu nilisimama kila mahali. Nilisimama kwa wazee, kwa akina mama waliotoka sokoni, kwa mlinzi wa shule, hata kwa watu waliokuwa wananidharau mimi kabla ya mjomba kupata gari. Ofisini nikawa nachelewa kwa sababu ya marahaba. Siku ya nne nilikwenda Kerege, nikasimamisha gari mlangoni kwa mzee, injini inaunguruma taratibu, nikashuka nikatoa shikamoo. Aliitikia, akalizunguka gari lote, akaliinamia kulisikiliza. "Marahaba," akasema mara ya pili, safari hii kwa moyo. Kisha akatoa sharti jingine, la halali kabisa: barua ya posa ya binti yake haifunguliwi kabla ya dada mkubwa wa yeye mzee, shangazi wa binti, kumwona kijana, na dada yake huyo ameolewa Ubena, mbele ya Chalinze. Tungekwenda Jumamosi, yeye na mjomba na mimi, na barua ingekuwa mfukoni mwake. Mjomba, akiujua urefu wa njia, akasema fundi naye aje.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa sababu nafika mahali nisipopapenda. Ijumaa jioni fundi aliniuliza kama kawaida yake, "Gari haliumwi popote?" Nikamjibu, "Halijambo kabisa, fundi." Halikuwa halijambo. Siku mbili kabla nilikuwa nimepakia magunia ya nazi ya mjomba, na penye mwinuko nikasikia injini inagonga ndani, kokoko, kama karanga zinazokaangwa, na nilipolipunguzia mafuta sauti ikakoma. Nilinyamaza kwa sababu nilijua fundi akisikia habari hiyo safari itaahirishwa, na mtu wa Dar naye alikuwa na barua yake inangoja.

Tulipita Dar es Salaam, tukashika njia ya Morogoro, gari limejaa watu wazima wanne na nazi za zawadi. Baada ya daraja la Ruvu barabara ikaanza kupanda, na karanga zikaanza kukaangwa. Mzee wa Kerege, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, "Kijana, hii sauti ni ya nini?" Nikamjibu papo hapo, bila hata kumeza mate, "Mawe ya barabarani, baba. Yanapiga chini." Sauti ikaendelea. Kisha fundi, aliyekaa kando yangu, akasema, "Si mawe, mzee wangu. Injini inagonga. Kijana amedhani ni mawe, yeye hajui mambo haya. Mimi ndiye niliyeligusa mwisho. Nimeziba kitu nisichokielewa, na kosa ni langu." Aliyasema kwa sauti ileile ambayo angeombea maji ya kunywa. Mjomba aliona aibu akatazama nje. Fundi akanielekeza niende polepole, nisilisukume gari kwenye vilima, na hivyo ndivyo tulivyofika Ubena, saa saba, tukiwa tumepitwa na kila kitu chenye magurudumu.

Kwa shangazi tulipokewa kwa heshima, tukakaribishwa ndani, lakini fundi aliomba radhi akakaa uani, amekunja uso. Mimi nilikuwa mlangoni nikimwona. Shangazi alikuwa ameinjika maharage, na moto ulipomzidi alichota majivu akayanyunyiza juu ya makaa. Fundi akamtazama. "Shangazi, mbona unautilia moto uchafu?" Yule mama akamwona ni mtu wa mjini asiyejua jiko. "Uchafu ni ukiyatia chunguni, baba. Kwenye moto yanautuliza. Nikiuacha uwake utakavyo, maharage yataungua na chungu kitapasuka." Fundi alisimama kama aliyeitwa. Aliuliza tena kama majivu yanauzima moto. "Ukizidisha yanauzima," shangazi akasema, "na moto mdogo hauyataki kabisa." Basi jibu lilikuwa hilo. Moshi ulirudishwa kwenye injini ili kuutuliza moto wake inapobeba mzigo. Gari likisimama moto ni mdogo, ndiyo maana mlango ule hutakiwa kufungwa. Tulikuwa tumeng'oa majivu yote jikoni kwa sababu tuliyaona machafu.

Akaniita nimshikie spana. Alikitoa kile kibati, akaing'oa valvu, akanionyesha: masizi magumu yalikuwa yameganda mlangoni mwake, ukubwa wa punje ya mchele, na mlango haukuweza kujifunga. Ugonjwa wote wa gari, sifa yangu mbaya yote, ilikuwa punje ile. Aliiloweka kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa makumbi ya nazi zetu wenyewe za zawadi, kisha akaufyonza ule mpira mwembamba kwa mdomo. Mlango ukainuka. Akaachia, ukajifunga, tik. Akafanya hivyo mara tano, anatabasamu kama mtoto mwenye filimbi. Na tulipokuwa wawili tu, vichwa vyetu vyote viko chini ya boneti, akasema polepole, "Mawe ya barabarani hugonga hata tukiteremka, mdogo wangu. Haya ya kwako yanapenda kupanda tu." Nikatazama spana niliyoishika. "Jana nilikuuliza," akaendelea. Nikasema ndiyo, uliniuliza. "Basi," akasema, akaomba spana ya kumi na mbili.

Tulirudi bila kugonga na bila kuzima. Shangazi alikuwa ameniridhia. Alisema nina masikio makubwa lakini macho mazuri. Kerege tulifika jua bado lipo, nikasimama mlangoni, injini ikatulia kwenye sailensa yake. Mzee hakushuka. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akaifungua, na ile barua akampa fundi, akampita mjomba. "Nisomee wewe," akasema. "Humu garini wewe ndiye ninayejua ukikosea utaniambia. Na kama mtu kama wewe amekubali kusafiri na kijana huyu, na mimi namkubali." Fundi aliisoma barua yangu yote kwa sauti, akinikodolea jicho kila alipofika kwenye neno uaminifu, ambalo mjomba alikuwa ameliandika mara nne. Hakusema kitu. Hakusema siku ile wala miaka yote iliyofuata. Ila kila aliponiona, mbele ya yeyote, baada ya salamu zote kwisha, aliuliza, "Na mawe hayajambo?" Mke wangu alidhani ni mawe ya figo.

Siku hizi vijana wa karakana huchomeka kijimashine garini, kikawapa namba, nao wakabadilisha kifaa kinachotajwa na namba ile. Siwabezi, gari langu limepona mara nyingi kwa njia hiyo na halinuki pweza. Lakini kijimashine hakijui nani aliligusa mwisho, na hilo ndilo swali lililotutoka. Nimefanya kazi katika ofisi nyingi, na nimeona jinsi bosi mpya anavyokuta utaratibu wa zamani unaomnukia moshi, anauziba kwa kibati, mambo yanakwenda vizuri siku tatu, na sote tunashangilia. Mzigo ukija tukaanza kupanda, ofisi inaanza kugonga. Hapo kila mmoja wetu husema ni mawe. Katika maisha yangu yote ya ofisini sijawahi kumsikia mtu akisema bila kuulizwa, "Mimi ndiye niliyeligusa mwisho." Nilimsikia fundi mmoja tu, mara moja, baada ya daraja la Ruvu, na nina deni naye ambalo sikulilipa akiwa hai.

Nilikwenda na gari, kama alivyoagiza. Niliposimama Kerege baraza la mzee lilikuwa tupu, yeye alitangulia zamani, lakini nilisimama hata hivyo nikaiacha injini iungurume kidogo. Bagamoyo tulimzika baada ya Alasiri, watu wamejaa, na nusu ya waliobeba jeneza walikuwa na mafuta ya gari kwenye kucha. Baadaye binti yake alinipeleka bandani. Kile kibati cha kopo la maziwa kilikuwa bado kimetundikwa kwenye msumari juu ya meza yake. Wanafunzi wake wote walionyeshwa kibati hicho siku ya kwanza ya kazi, akawaambia kwamba hilo ndilo kosa lake kubwa na kwamba alilifanya peke yake. Binti akanipa nikichukue, kipo hapa mezani ninapoandika. Nilichojifunza kwake ni kidogo na kimenichukua miaka mingi: kabla hujaziba kitu kijue kazi yake, na ukishakosea sema wewe mwenyewe, usingoje mwenye moyo mwema akusemee. La kwanza nalishika vizuri. La pili nalianza leo. Mke wangu atalisoma gazetini kama ninyi, na nitakuwa nimekaa mbali kidogo. Baba mkwe, hayakuwa mawe, na nilijua.